Guni

Ni amri ya huruma, wote mtakuwa sawa,
Asizidi wa kusema, wala bubu kuonewa,
Kumi na sita si njama, ndizo mlizogawiwa,
Azidishaye kalima, jina lake latolewa.

Limebandikwa ukutani kwetu, ghorofa ya tatu,
Ofisi ya Ulinganifu, Barabara ya Jogoo,
juu ya birika la chai lisilo na kifuniko.
Mimi ndimi karani wa mizani.
Kazi yangu ni vidole.
Raia husogea dirishani, husema haja yake,
nami napitisha dole gumba juu ya mafundo
kama anayehesabu tasbihi:
nane, pumzi, nane.
Ikitimia, muhuri.
Ikizidi, mlango.

Usinihukumu kabla hujauliza tulikotoka.
Nilizaliwa Mathare, ng'ambo ya bonde
la watu ambao mbwa wao walikuwa na daktari.
Kaka yangu alikatikia foleni ya zahanati
huku bwana mmoja wa tai, dirishani,
akisimulia nusu saa kizunguzungu chake.
Kwa hiyo tuliomba usawa. Tuliomba kwa mabango na kwa mawe.
Tuliomba maji yafike kote siku moja.
Tukaletewa kiu, ikagawanywa bila upendeleo.

Mapaa ya Muthaiga yalipokatwa yalingane na yetu
nilipiga makofi hadi viganja vikawaka.
Mwaka wa vyondo, pale Kariokor,
rangi moja ya kijivu, nyuzi mia mbili, basi,
nikasema ni vikapu tu.
Kufikia sheria ya maneno, nilikuwa na mshahara.

Na watu hujifunza haraka!
Mama mmoja wa Majengo, macho makavu:
"Mume wangu amekufa, naomba sanda ya bure."
Timilifu.
Nikagonga muhuri. Usiku sikulala
kwa jinsi ilivyokuwa timilifu.

Alhamisi akaja Kathini, msusi wa vile vya kijivu,
na mwanawe Muuo, aliyetimiza miaka tisa,
umri wa kujisemea mwenyewe kwenye daftari.
Mama alikuwa amemshonea sentensi kama sare:
"Mimi Muuo Kathini, naomba kwenda shuleni."
Nane, pumzi, nane. Hata vina vilikuwamo.

Mtoto akafungua kinywa.
"Mi... mi... mi... mi..."
Dole gumba likaondoka na mazoea yake.
"Mi... mimi Mu... Mu... Mu..."
Midomo ya Kathini ilikuwa ikisema bila sauti,
ikimsukuma kwa mbali, kama mtu anayesukuma gari lililozima.
"Mu... Mu..."
Nilifika kumi na sita, naye hajafika kwenye jina lake.

Daftarini kuna safu ya mwisho: Guni.
Watunzi wa kale waliliita hivyo shairi
lililopungua au kuzidi.
Sisi tuliwaita hivyo watu.

Askari Okumbe akashika komeo.
Nikasema moyoni, labda nimekosea. Nikaanza tena, moja.
Na hapo ndipo nilipoanza kusikia.
Hakuna Mu iliyofanana na nyingine:
moja ilikuwa nzito, imetoka kifuani,
moja nyembamba, imekwaruzwa na jino,
moja ilikuwa karibu kicheko, na kicheko
hatujakisikia ghorofa hii tangu nilipoajiriwa.
Nikapoteza hesabu. Nikaanza tena. Nikaipoteza kwa makusudi.

Nyuma yake foleni ilishuka ngazi mpaka barabarani,
na mtu fulani akakohoa kikohozi kirefu kisicho na kituo.

Nikatazama mkono wangu juu ya meza.
Miaka sita nimeutumia bila kuutazama:
vidole vitano, na hakuna viwili vilivyolingana.

"Endelea," nikamwambia. "Endelea, mwanangu, usikimbilie, tuna siku nzima,
jina ni lako, lichukue polepole, mimi nipo hapa hapa, sendi popote..."

Na mlangoni, pembeni mwa jicho langu,
Okumbe alikuwa amenyanyua mkono wake,
dole gumba likipita juu ya mafundo,
akinihesabu.