Msumari wa Nane

Huku Jinja chumba cha kupanga wanakiita muzigo.
Mimi, niliyeshuka hapa na Kiswahili cha Arua mdomoni,
nilidhani dalali anauliza mizigo yangu iko wapi.
Nikamwonyesha godoro, sigiri, na mtoto mgongoni.
Akacheka. Nami nikacheka, nisijue ninachocheka.

Bi Kagoya alihesabu noti mara mbili, kidole akikilamba:
miezi mitatu mbele, na mmoja wa amana.
Barua ya mwenyekiti wa kijiji akaikunja bila kuisoma,
akanipa ufunguo uliofungwa uzi wa gunia.
Nikatoa daftari.
"Unaandika nini?"
"Naandika nyumba, mama. Mali bila daftari…"
"Najua," akasema, "huisha bila habari."
Akabaki mlangoni, mikono kiunoni.

Dirisha la nyuma: kioo kina ufa, mfano wa unyayo wa kuku.
Kitasa: hakitaki mkono wa kulia.
Balbu: hakuna.
Soketi: moja, inanuka moshi.
Dari: doa la mvua, upana wa sinia.
Ukutani: misumari saba.
Niliigusa mmoja mmoja
kama anayehesabu vifaranga kabla ya giza.

Akatia sahihi, midomo ameibana.
"Kwani wewe ni mwalimu?"
"Hapana. Nimewahi kuhama."

Miaka minne.
Sitaisema yote; daftari halikuuliza.
Umeme wa kununua kidogo kidogo, kama chumvi,
unaokatika maharage yakiwa nusu.
Choo kimoja, milango sita ya majirani,
na kila mlango una zamu yake ya kusahau kufagia.
Lile doa la dari likakua, likawa beseni.
Mgeni siku mbili; ya tatu, kodi.

Jana nimehama.
Notisi niliiandika mwezi mzima kabla,
nakala kwake, nakala kwangu.
Nimesugua sakafu kwa majivu na limau,
balbu zangu nimezifungua, maana nilizikuta hazipo,
na deni la maji nimelilipa mpaka tone la mwisho.
Bi Kagoya akaja na miwani mipya,
na Ofwono, mlinzi wa kota, akishika daftari langu
kama mtu aliyepewa Msahafu au Biblia, hajui ni kipi.

Ufa: upo. Kitasa: bado mkaidi.
Misumari.
Ofwono akahesabu. Akarudia.
"Minane, mama."

Chandarua kina pembe nne.
Upande wa kitanda misumari ilikuwa mitatu.
Usiku ule Candiru alikuwa anawaka kama kikaango,
mbu wanapita pembe ya nne kama wana ufunguo wao.
Niligonga kwa mchi, saa nane za usiku.
Jirani akatukana kwa Kisoga, kwa Kiganda,
akamalizia kwa Kiswahili nisije nikakosa.

Hayo sikumweleza. Nilisema tu, "Ni wangu."
"Umetoboa ukuta wangu. Elfu tano."
Akazitoa kwenye amana, iliyobaki akanihesabia,
kidole akikilamba, noti hadi noti.
Nikasaini.

"Msumari nimeulipia?"
"Umeulipia."
"Ofwono, niazime koleo."

Ukatoka ukilia kidogo, una kutu, umepinda shingo.
Nikaufunga kwenye pindo la kitenge
mahali wengine hufunga pesa.
Nje, juu ya godoro, juu ya pikapu,
Candiru mwenye miaka mitano alikuwa akiimba hesabu za shule,
akiruka sita kila mara.

Nyuma yangu Bi Kagoya alikuwa akiziba tundu
kwa kipande cha sabuni ya mche,
analainisha kwa dole gumba, polepole, karibu kwa huruma.
Mpangaji mwingine anaingia Jumamosi.

Nikamrudishia Ofwono koleo,
na juu yake nikaweka kalamu.
"Akija," nikamwambia, "muazime."