Una Uhakika?

Maarika, barua yako imenikuta Tartu,
theluji ikipapasa dirisha
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Mistari minne tu, bila salamu.

Siku kumi na moja umekitembea kinamasi cha Halliksoo,
buti zimejaa maji, kidole gumba kimekufa ganzi,
ukivipima vidimbwi kimoja kimoja,
mia tatu na kumi na viwili,
kila kimoja ukakiandikia kina chake, rangi ya maji yake,
na kama ukingoni umeona nyayo za korongo.
Jioni ya mwisho, mezani kwa shangazi yako,
supu ya kabichi ikipoa,
ukaifunga programu.
Ikakuuliza: Una uhakika?
Ukajibu: Ndiyo.

Nani asingejibu ndiyo?
Swali lile tumeliuliza ukifungua, ukifunga,
nusura tuliulize ukikohoa,
hata limekuwa hodi ya upepo:
mtu huitikia karibu bila kuinua kichwa.
Halikusema uhakika wa nini.
Halikusema: tabaka hili ni la muda,
linakaa kwenye kumbukumbu ya mashine
kama jina la mgeni uliyetambulishwa harusini;
ukivuka kizingiti, limekwenda.

Nililiandika mimi.
Miaka sita iliyopita, usiku, bila malipo, kwa mapenzi,
maneno mawili na alama ya kuuliza,
kisha nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.
Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema,
na haya yalikuwa maji kweli, Maarika,
vidimbwi mia tatu na kumi na viwili.

Basi nimeketi tena.
Nimeandika: *Tabaka «vidimbwi» lina alama 312
ambazo hazijahifadhiwa popote. Ukifunga, zitapotea.*
Graciete wa Braga akasema ni ndefu, watu hawasomi.
Nikamjibu watu hawasomi kwa sababu hatuwaambii kitu.
Bhuwan wa Pokhara akasema kwao kitenzi huja mwisho,
nisikate sentensi vipande vipande
nikaiachia mashine kuunga mifupa.
Nikaiandika upya, nzima, mara nne.
Vitufe navyo: «Ndiyo» nimeiondoa.
Sasa kimoja kinasema *Hifadhi*,
kingine kinasema *Tupa alama 312*,
anayetupa ajue uzito wa anachotupa.

Halafu ile menyu ya kubofya kulia.
Sijui tulikuwa tunafikiri nini.
Vipengele kumi na tisa, vimerundikwa
kama viatu mlangoni pa matanga,
na «Ondoa» imekaa chini ya «Badili jina»,
katikati yao pengo la punje ya shayiri.
Kidole kilichokufa ganzi kingefika wapi?
Nimeishusha «Ondoa» chini kabisa, peke yake, chini ya mstari.
«Lifanye la kudumu», iliyokuwa imefichwa
ndani ya «Zaidi», ndani ya «Nyinginezo»,
nimeipandisha juu, mahali mkono unapofika wenyewe.

Mistari arobaini ya msimbo, si zaidi.
Kwa mistari arobaini mtu angechimba shimo dogo la choo.
Wiki tatu wamenikagua, wakanirudisha, wakabishana kuhusu nukta,
na Machi, barafu ikianza kulia mtoni,
wakaipokea.

Mei umerudi Halliksoo.
Umenitumia hesabu: vidimbwi mia tatu na tisa.
Vitatu hukuviona; pengine nyasi zimevifumba,
pengine mara ya kwanza ulihesabu ukiwa umechoka.
Hakuna kisanduku kinachoonya juu ya hilo.
Umehifadhi. Supu umeinywa ya moto.

Kisha, chini ya jina lako, kwa herufi ndogo:
onyo lako jipya ni zuri, ila kwenye skrini yangu
limerefuka hadi kitufe cha *Ghairi* kimezama nje ya ukingo.

Nimewasha taa tena.