Kwale Ndani ya Gazeti

Walipokuzika, Kisilu, walizisoma medali moja moja
kama mtu anayehesabu mbuzi jioni,
na mgeni wa heshima akakosea mwaka wa ile ya shaba.
Nilinyamaza. Mimi ni fundi cherehani tu wa Kaloleni,
niliyekushonea namba kifuani, mishono minane,
kwa sababu pini, ulisema, zinakuchoma ukivuta pumzi.

Hakuna aliyeutaja upinde.

Mimi nakumbuka Jumamosi, alfajiri,
ukigonga dirisha kwa ukucha, mara mbili, halafu kimya,
kana kwamba mimi pia ni windo.
Tunavuka reli, tunapita viwanda na harufu yake ya sabuni,
hadi lami inakwisha na Embakasi inakuwa nyasi.
Nabeba chupa ya chai. Unabeba mishale minne.
Wewe, uliyeinua uwanja mzima vitini kwa kasi yako,
huko ulitembea kama mwenye maji kichwani.

"Usimharakishe," ulininong'oneza.
"Mnyama ukimharakisha
unamkumbusha kwamba ana miguu."

Ndipo nilipozielewa mbio zako:
mzunguko wa kwanza umekaa wa sita, wa saba,
macho kwenye kisogo cha anayeongoza,
na mtangazaji redioni anakusikitikia, amechoka, amechoka.
Hukuchoka. Ulikuwa unanyata.

Deni langu hukulilipa hata senti.
Ulilipa kwale,
wamefungwa ndani ya gazeti lenye picha yako,
damu imeingia kwenye wino,
mkono ulioinua bendera umelowa hadi begani.
Nafuna wangu akicheka: "Shujaa wenu leo ananuka!"
Kisha alikubandua polepole, akakuanika kambani
kati ya soksi zangu na kanga yake.
Picha ninayo bado. Doa limekuwa rangi ya chai.

Sikusifu kwa kila kitu.
Ule mwaka wa safari kubwa ulimjeruhi swala, akapotea na giza,
nawe ukamfuata.
Jumapili. Jumatatu. Kocha anapiga milango ya Kaloleni yote,
ndege ya timu inapasha injini.
Ulirudi Jumanne, midomo imepasuka, mikono mitupu.
"Nimemkuta," ukasema. Basi.
Nilikutukana mpaka majirani wakatoka nje.
Ukanisikiliza ukivua miiba kwenye nyayo.
Magazeti yaliandika malaria.
Mimi ndiye niliyewaambia malaria.

Halafu sabini na saba, redio ikasema uwindaji mwisho.
Ulikuja usiku, umeuviringisha kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa.
"Nifichie. Siutaki kuutumia.
Ila wakiuchoma, nitasikia."

Miaka ikakushika magoti, kwanza la kushoto.
Vijana wakakupita mitaani, wakakuomba njia, mzee, samahani.
Jumapili moja ukataka nikupeleke Lang'ata,
kwenye ua wa mbuga, pale magari yanapovuma nyuma ya mgongo.
Ng'ambo ya waya swala jike alikuwa anakula,
karibu kiasi cha kuhesabu kope zake.
Uliegemea mkongojo, ukalamba kidole, ukakiinua.
Tukangoja.
"Upepo mbaya," ukasema. "Ananinusa."
Swala hakuinua hata kichwa.
Nikasema ndiyo, mbaya kabisa, turudi,
na ukanishika mkono hadi barabarani
kwa vidole vilevile, vikavu, vyenye sugu ya ugwe.

Wiki iliyopita mwanao amekuja na watu wa makumbusho.
Wana glavu nyeupe na kisanduku cha kioo.
Wanataka fulana.
Nimewapa fulana, na mishono yake minane,
nikawaonyesha ule wa tano, uliokaa upande
kwa sababu siku hiyo ulinichekesha.
Wakaandika. Wakauliza kama kuna kingine.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati.