Ufunguo

Daktari alinitazama miguu, si uso.
"Sukari," akasema, "haiogopi dua. Inaogopa mlima."
Nami, karani wa ghala la bandari ya Tanga, miaka hamsini na minne,
ambaye ngazi za ofisi nilizipanda kila asubuhi
kama mtu anayelipa deni,
nikaenda mpaka Mnazi, chini kabisa ya ukuta wa Usambara,
ambako mvua hupita juu kwa juu
kama tajiri asiyesalimia,
na mkonge husimama safu kwa safu
ukimngoja nani, haijulikani.

Saa kumi na mbili unusu nikaanza.
Vumbi jekundu. Migunga yenye miiba mirefu kuliko subira yangu.
Juu ya jiwe mjusi kafiri akainua kichwa, akashusha, akainua,
mwalimu wa zamu anayehesabu waliochelewa.
Jua halijachomoza sawasawa
na tayari lilikuwa linanidai.

Hatua mia, nikapumzika.
Kisha hamsini.
Kisha nikaacha kuhesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu
na hapa nilikuwa likizo.

Saa tatu, kwenye kona ya saba au ya nane,
wanawake wakishuka, matenga ya matunda damu kichwani,
shingo zimenyooka, mazungumzo hayajakatika.
"Onga mahundo, baba. Umebeba nini?"
"Maji tu."
"Unampelekea nani?"
"Simpelekei mtu. Napanda tu."
Wakatazamana. Mmoja akacheka mpaka tenga likacheka naye:
mtu mzima, mlima mzima, mikono mitupu!

Ndipo Mwasiti Shekiondo akajishika kiuno.
"Mungu wangu, ufunguo!"
Akaufungua kwenye pindo la khanga,
mdogo, umefungwa uzi wa kijani.
"Ngoda wangu hutoka shule saa saba. Nyumba ya bati jipya,
chini ya kilele. Mpe."
Jina langu hakuuliza.

Sijawahi kubeba kitu kizito vile.
Kontena arobaini nimeziandikia hati kwa siku moja
nikaenda nyumbani nikalala fofofo.
Ufunguo huu ulinichoma paja ndani ya mfuko.
Saa tano goti la kushoto likanena: turudi.
Nikalijibu: rudi wewe,
mimi nina mtoto mlangoni.

Hewa ikageuka ghafla, kama mtu kafungua friji.
Jasho likapoa mgongoni. Migomba. Kabichi. Mbuzi aliyefungwa
kwenye mteremko ambao mimi nisingethubutu kusimama.
Nyuma yangu nyika yote imelala chali, kahawia,
na vimbunga vya vumbi vinatembea huko peke yao
kama watu waliosahau walichotumwa.

Saa saba kasoro dakika tano.
Ngoda amekalia daftari lake, asichafue kaptula.
Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili,
akafungua, akala kiporo cha makande amesimama,
halafu ndipo akaniuliza:
"Umefuata nini huku?"
"Kilele."
"Aa. Kipo nyuma ya choo. Mama huanika maharage."

Basi nikafika kileleni nikiyaruka maharage,
viatu mkononi, nisije nikayakanyaga.
Wanasema siku njema Kilimanjaro huonekana.
Yangu ilikuwa siku ya vumbi: niliona Mkomazi,
bwawa moja kama sarafu iliyomponyoka mtu,
na chini, mbali, nukta za rangi
ambazo huenda ni soko la Mnazi.
Mojawapo ni Mwasiti, anapima matunda damu,
hana habari kama mlango umefunguka.

"Kule ndiko kwa mama," Ngoda akasema,
akimpungia mkono mtu asiyeweza kumwona.
Nikapunga na mimi.
"Ukishuka utampitia?"
"Nitampitia."
"Mwambie nimekula."

Goti likataka kujua uzito wake.
Nikavaa viatu.