Pishi ya Vibaba Vitano

Mwaniuliza tena, wajukuu wa mui huu,
kama yaliyotokea yalikuwa kosa lake.
Kalamu niliishika mimi.
Ngojeni nimalize kahawa.

Mwinyi Shekuwe hakuwa simba, msidanganywe.
Alikuwa mtu wa mafua, wa kikohozi kirefu,
apendaye paka na halua ya lozi
na usingizi wa mchana, darini Mkomani,
mtoto akimpepea.
Sikumsikia akisema: nendeni mkawaibie.
Nilimsikia usiku mmoja wa Shaabani
akilifunga daftari langu kwa kidole:
"Makusanyo hayatoshi."
Basi. Maneno mawili.
Akaomba maji.

Maneno mawili yakashuka ngazi.
Kwa msimamizi yakawa: "Bwana amekasirika."
Kwa wakusanyaji: "Bwana ataka zaidi."
Yalipofika Langoni, kwa Fundi Mbwarahaji mfua shaba,
hayakuwa na mdomo tena,
yalikuwa nyundo.
Akaing'oa pishi ya ngome kitako,
akakitia kipya, chini zaidi kwa vidole viwili,
akaziba kwa risasi, akaisugua kwa ndimu
hata ikang'aa kama haki.

Pishi ni vibaba vine. Mtoto wa chuoni ajua.
Ile ikameza vitano.
Mimi nikaandika: vine.
Miaka mitatu, kwa wino mzuri wa masizi,
vine, vine, vine,
na kile cha tano kikapita mikononi mwetu:
konzi kwa msimamizi, konzi kwa bawabu,
konzi, ndiyo, kwa karani mwenye binti wa kuoza,
na kilichosalia Bwana akala.
Hakuuliza mbona mikate ya mofa imenenepa.

Kisha akaja Mwana Shali wa Matondoni,
mjane, msusi wa mikeka,
na gunia la mtama wa shamba lao la Mkunumbi
na kibaba chake cha kifuu, cha urithi.
Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililotutisha.
Akamimina mbele ya watu, taratibu, kama avutaye tasbihi:
moja. Mbili. Tatu. Nne.
Akaiinamisha pishi tuone ndani.
Palikuwa na nafasi ya vidole viwili.
Mui mzima ukapita hapo.

Kufikia alasiri mlango wa ngome ulikuwa kuni.
Fundi Mbwarahaji alitangulia na shoka.
Msimamizi aliwashinda wote kwa sauti: "Dhalimu!"
Bwana akatoka na kanzu ya kulalia, paka kwapani,
akanitazama mimi, si wao,
akauliza kigonjwa-gonjwa:
"Vitano? Tangu lini?"
Nami, mbele ya umati, nikajibu:
"Wajua mwenyewe, Bwana."

Hakujua. Naapa hakujua.
Lakini kule kutojua kulikuwa kazi yake,
aliifanya kila siku kwa bidii,
madirisha yamefungwa, sahani imejaa,
na sisi tulilipwa ili asijue.
Mwasema samaki huanza kuoza kichwani.
Nimepasua samaki miaka sabini:
tumbo ndilo hutangulia.
Kichwa hubaki macho wazi, kikitazama.

Alikufa Barawa, kwa kikohozi kile kile.
Paka wake alirudi, sijui alirudije,
akazalia jikoni kwangu.

Sasa mwataka nipime: lawama yake vibaba vingapi?
Viwili? Vitatu? Nimemimina usiku kucha.
Kipimo nilicho nacho ni kile kile,
ki kidakani, nyuma ya sahani za Kichina;
nikitia changu, nikitia chake,
hakijai.

Ama wale wakubwa wapya, wiki ya pili tu,
walimtuma kijana mlangoni kwangu, mpole, mwenye adabu,
kuuliza kama pishi ya zamani ingalipo,
maana makusanyo, karani, makusanyo...

Nikamwambia imepotea.
Akashukuru, akaenda zake upande wa Langoni.
Kabla ya magharibi nikasikia nyundo juu ya shaba.