Safu ya Penseli

Huddersfield, ghorofa ya pili, ofisi ya bustani za manispaa.
Mvua hainyeshi wala haijaacha;
ni ile ya huku, inayoning'inia hewani
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Doreen Ackroyd ananionyesha kadi zake:
masanduku kumi na moja ya viatu,
miaka thelathini na minne ya watu waliojipanga
kungoja kipande cha udongo cha kupandia viazi.

Mimi nimeletwa kuyamaliza hayo masanduku.
Mali bila daftari, nikajisemea nikiwasha kompyuta,
na yeye, asiyeijua methali wala nusu yake,
ndiye aliyekuwa daftari.

Nikajenga dirisha.
Jedwali katikati, safu saba:
jina, anwani, simu, tarehe ya ombi, na kadhalika.
Kila mstari wa pili nikaupaka kijivu hafifu
jicho lisije likateleza likadondokea kwa jirani.
Bonyeza mara mbili, seli inafunguka. Andika. Toka.
Kitufe cha kufuta nikakiweka mbali na cha kuhifadhi
kama mafuta ya taa na mafuta ya kupikia,
na mbele yake nikasimamisha swali: Una hakika?
Kuuliza si ujinga, hata kwa mashine.

Kwetu maji yakimwagika hayazoleki.
Haya nimeyafundisha kuzoleka:
hatua ishirini nyuma, tone kwa tone,
mpaka mtungi ujae.
Usiku ule nililala nikijiona fundi.

Jumatatu akaketi.
Kipanya akakishika kwa vidole viwili, kana kwamba kinauma.
Akaandika Pawlak. Akaandika Hussain, Tasneem.
Akafika kwa Norman Threlfall, akakwama.

Kadi ya Norman ina miandiko miwili.
Wino unasema: kiwanja namba arobaini, ombi la mwaka 2009.
Penseli inasema: mgongo.
Mkewe alisema labda.
Usimpigie Novemba.

"Hii niiandike wapi?"

Nikamwonyesha safu ya maelezo.
Akatikisa kichwa. "Huko nako ni wino.
Cha penseli ni nilichokisikia mlangoni,
nikaona nisikitupe, wala nisikiapie."

Niliendesha gari kurudi nyumbani na sentensi hiyo.
Jedwali linajua ndiyo, linajua hapana, linajua tupu,
na hiyo tupu yenyewe ina ugomvi ndani:
tupu ya sijui, tupu ya hakuna,
tupu ya aliulizwa akanyamaza.
Lugha yangu ina huenda, ina pengine, ina yamkini,
ina ati, ina inasemekana,
nami mwana wa lugha hiyo
nimejenga nyumba isiyo na chumba cha hata moja.

Siku mbili zikaenda. Meneja, Gareth Sykes,
akauliza jambo hili limo ukurasa gani wa mkataba.
Halimo.

Safu ya nane: herufi za kijivu, zimelala ubavu.
Haipangwi, haijumlishwi, haitoki kwenye ripoti.
Isipoguswa mwaka mzima inafifia kidogo;
ukiigusa, inarudi.
Wala haiulizi Una hakika?
Hapo swali lingekuwa tusi.

Kiwanja namba arobaini kikawa wazi tarehe tisa Novemba.
Mashine ikalipandisha jina la Norman juu kabisa,
ikalivika kijani, ikajisifu kwa mlio mdogo
ambao ninaona haya kuwa niliuweka mimi.
Doreen akatazama kijani. Akatazama kijivu.
Simu akaiacha ilipo, akaenda kuchemsha chai.

Desemba mosi, saa tatu asubuhi,
nilikuwa chini ya meza yake nikitafuta waya
niliposikia anabonyeza namba.

Alianza na habari za mgongo.