Majani Saba ya Shaba

Miaka ishirini na sita nilisoma mita za watu.
Nilijua nyumba gani inavuja usiku,
gani inaiba kwa mpira uliozikwa chini ya michongoma,
gani imekauka, mshale umesinzia kwenye sifuri.
Sasa nimestaafu. Nina ua wa nyuma, hatua kumi na moja,
hapa Buruburu, na kidimbwi nilichokichimba mwenyewe,
nikakitandika nailoni nyeusi, nikakitia ngege wanne.
Kilikuwa kimya mno. Kama mtu anayekutazama tu.

Nikapanda darini, tochi mdomoni.
Kulikuwa na hita ya zamani huko,
haijapasha kitu tangu mtaa uanze kupewa maji kwa zamu:
Jumanne, na Ijumaa yakitaka.
Nikaikata. Mita nne za bomba la shaba,
nyeusi kama sufuria ya msibani,
na nilipozisugua kwa ndimu na chumvi
zikaona haya, zikawa nyekundu.

Tangi lake nikalibeba hadi Kamukunji, kwa Mudaki,
mtu wa maneno machache katikati ya nyundo elfu.
Nikamchorea jani nyuma ya bili ya maji.
"Jani la nini?"
Sikuwa nimefikiria. Nikasema, la nduma,
kama zile za kando ya mto kwa mama mkwe,
mvua huziteleza bila kuzilowesha.
Akacheka. "Hilo halishiki maji."
Ndiyo maana, nikamwambia. Ndiyo maana.

Jumapili nikayaunganisha kwa risasi na moto wa gesi,
jani juu ya jani, kila moja likimwinamia mwenzake.
Kerubo akasimama mlangoni na beseni kiunoni:
"Mwanamume mzima!
Nguo zina wiki hapa, na wewe unafundisha maji kucheza."
Haki ilikuwa yake. Nikamwonyesha tu mfereji wa paa.
Haya ni ya mvua ya Aprili, mama.
Hayakupita mita. Hakuna aliyeyasoma.

Pampu ya mtumba, ya Barabara ya Kirinyaga,
ikakohoa mara mbili. Maji yakapanda,
yakafika jani la juu, yakachungulia ukingoni,
kisha yakageuka, yakaambaa tumboni mwa jani
na kurudi kwenye shina
kama mtoto aliyetumwa dukani akaona mbwa.

Nikampigia Mudaki.
"Kunja ncha," akasema, "chini, kwa ukali.
Maji ni mavivu kuamua. Yaamulie."

Koleo, nyundo ndogo, miwani ikiteleza puani.
La tatu lilinipasukia mkononi, nikalitoa.
Yamebaki sita, ingawa kwa majirani husema saba
na hakuna aliyewahi kuhesabu.

Husemwa chururu si ndo ndo ndo.
Lakini chururu nimeisikia maisha yangu yote,
nyuma ya kuta za watu waliofungiwa milango,
matangi yakifurika na mwenye nyumba yuko safarini,
na mimi nje na daftari, naandika tarakimu.
Nilitaka ndo. Kisha ndo.
Kisha ile nafasi ya katikati,
ambapo tone limeshaliacha jani moja
na halijajulikana na jingine.

Nikaipata. Siku tisa niliisikiliza kwenye kiti cha plastiki.

Alhamisi stima zikapotea mtaa mzima.
Redio za jirani zikakatika neno mdomoni,
majani yakadondosha yaliyobaki, moja moja,
yakanyamaza.
Jikoni, gizani, kisu kikasimama juu ya sukuma wiki.
"Mbona kimya?" Kerubo akauliza.

Sikujibu. Nilichukua kikombe cha chai,
nikachutama, nikachota,
nikamimina taratibu juu ya jani la juu.
Nikachota tena. Mgongo ulinilaumu.
Kisu hakijaanza.
Chini, ngege wakapanda wote wanne, midomo wazi,
wakidhani ni chakula.